Mbegu Katika Viti vya Jipu

Kila asubuhi Saumu alifagia ua, akachota maji ziwani, kisha akasimama mbele ya pazia la chumba cha mama yake.

"Umeamkaje, mama?"

"Niko tu, mwanangu. Viti viko bado?"

"Viko bado."

Mwanahamisi, mama yake, alikuwa katika eda. Mumewe, Swedi, fundi wa magodoro na viti hapo mjini Baraka, alikuwa amezikwa mvua zikikaribia kwisha. Desturi ilimtaka mjane akae ndani, mbali na ua ambamo wanaume waliingia na kutoka.

Viti vyenyewe vilikuwa vya jipu la Alphonse, mfanyabiashara wa Fizi. Lilikuwa gari kuukuu la vita, limechakazwa na mawe ya barabara ya mlimani, lakini ndilo lililowateremsha wagonjwa wa Fizi hadi Baraka. Swedi alivivua viti ngozi iliyooza, akashona gunia jipya juu ya chuma, akakata turubai la kufunika. Hapo homa ikamwangusha, naye hakuinuka tena.

Mama aliapa kwamba kazi ya mumewe haitarudishwa nusu. Yeye alishona turubai ndani. Saumu, msichana wa miaka kumi na miwili, akapewa kazi ya nje: kupiga sufi, pamba ya mti wa msufi, kwa fimbo mpaka mbegu zidondoke, kisha kuvijaza viti.

"Isibaki hata moja," mama alimwonya. "Mbegu ya sufi iko na mafuta. Panya anaisikia harufu kutoka mbali."

Fimbo ilikuwa ya baba, imelainika pale alipozoea kuishika. Saumu alipopiga pigo la kwanza, sauti ile ile ya siku zote ikajaa ua. Swedi hakuwahi kupiga sufi bila kuimba:

Toka, mbegu, toka nje,
sufi ibaki yenyewe.

Sasa fimbo ililia, wimbo haukuja. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua wa matete, macho yameng'aa, kana kwamba Swedi amerudi. Alipomwona mtoto, akainamisha kichwa, akaondoka. Saumu alijikaza mpaka kikapu kimoja kikasafika. Kisha akaitupa fimbo.

"Mama, nimemaliza."

"Leta nishike."

Saumu akaingia na kile kikapu kimoja. Mama alizamisha mkono katika sufi, akapekua polepole, akauacha humo.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilikuwa na joto. "Mungu akubariki, mutoto wangu."

Saumu akatoka. Akavijaza viti kwa sufi yote iliyobaki, na mbegu zake, akavifunga kwa shazia, ile sindano ndefu ya magodoro. Alphonse alikuja, akavikalia, akamwombea marehemu, akavipakia, akaenda zake.

Kiangazi kilipoingia, Saumu alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni na wasichana wenzake. Anastasie, mwenye mdomo usiotulia, akaanza.

"We Saumu! Umesikia? Jipu ya Alphonse iko nyumba ya panya! Panya banapanda bure, batu banalipa!"

Wasichana wakacheka. Anastasie akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Juzi mama mumoja mugonjwa ameteremka toka Fizi juu ya chuma, maana panya bamekula viti. Alilia njia nzima. Na banasema ni baba yako. Eti alijua anakufa, akatia takataka, maana hakuna wa kumuuliza."

Samaki wakamdondoka Saumu. Swedi kutia takataka! Swedi, aliyepata kufumua godoro zima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda! Watu walikula samaki msibani kwake, na sasa walimla yeye mwenyewe kwa maneno. Lakini hakuna aliyemtaja Saumu. Angenyamaza, lawama zingebaki kaburini, na baba asingeweza kufumbua mdomo kujitetea.

Alikimbia nyumbani. Alphonse alikuwa ameketi uani karibu na viti vilivyotobolewa na panya, akisema na mama kupitia pazia.

"Mama Saumu, sikuja kugombana. Marehemu tumusamehe. Alikuwa mugonjwa."

"Niliishika sufi ile kwa mkono huu," mama alijibu. "Haikuwa na mbegu."

"Mbegu hizi hapa, mama."

 Kisha sauti ya mama ikatoka, nyembamba. "Labda... labda alikuwa amejaza kimoja kabla. Homa ilikuwa imemchanganya."

Maneno ya Anastasie yalikuwa yamechoma. Haya yalikata. Mama mwenyewe alianza kumtilia baba shaka.

"Baba hakujaza hata kimoja!" Saumu alilia. "Ni mimi! Kile kikapu nilichokuletea ndicho peke yake nilichosafisha."

Alphonse alimtazama. "Kwa nini, mutoto?"

"Fimbo ilikuwa na sauti ya baba. Sikuweza kuendelea."

Hakuna aliyemgombeza. Nyuma ya pazia mama alilia, kilio ambacho hakikutoka siku ya mazishi. Alphonse akachukua kisu, akaanza kufumua kiti. Chini kabisa, panya walikuwa wameishia kwenye gunia la Swedi. Lilikuwa limeshonwa mara mbili, mahali ambapo abiria yeyote asingepaona.

"Panya hawakuushinda mkono wa Swedi," Alphonse alisema. "Watu wa Fizi nitawaambia mimi. Lakini hapa sokoni utasema wewe, nami nitasimama karibu yako."

Jioni ile ile Saumu aliusema ukweli sokoni, mbele ya Anastasie na wote. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake mama akamwita. "Chukua fimbo. Piga karibu na dirisha langu. Wimbo uniachie mimi."

Saumu akapiga. Ndani, kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto, mama akaimba mbegu zitoke nje, sufi ibaki yenyewe. Walilia wote wawili, na fimbo haikusimama. Safari hii kila kikapu kiliingia ndani, na mama akapekua kila kimoja.

Cha mwisho kilipokwisha, alimshika binti yake mkono.

"Kulia haikuwa kosa, Saumu. Ungeniambia, tungelia pamoja na kupiga pamoja. Uongo wako ulimfanya baba yako afe mara ya pili. Yeye hana tena mdomo wala mikono. Jina lake litakaa katika kazi unayoifanya, na katika ukweli unaousema."

Saumu akarudi uani, akatia uzi katika shazia. Aliposhona chini ya kiti, mahali pasipoonekana, alishona mara mbili.