Hamkusema Tupisheni

Maji ya udhu yalianza kunuka choo siku ya Jumanne. Fatu akalisugua birika kwa majivu, akachota mengine mbali, kisimani, yakanuka vilevile.

"Wakimbizi hao," alisema mumewe, Kassimu. "Wamechafua kila kitu."

Mwongo mkubwa! Mwaka ule Wazaire walipovuka ziwa, Kassimu aliigeuza nyumba yao ya Rusimbi, mjini Kigoma, kuwa gesti ya vyumba kumi na viwili, na badala ya kuchimba shimo la choo akalaza bomba hadi kijitoni. Fatu alimkataza mpaka sauti ikamkauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi, chini ya sakafu, kitu kikaanza kugugumia. Ijumaa baada ya alasiri binti yao Lulu, wa miaka sita, akaanguka barazani, macho meupe, tumbo limemvimba, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya mtu mzima, ikiongea Kiha ambacho mtoto yule hakuwahi kukijua, ikirudia maneno yale yale mpaka vikombe vikatetemeka kabatini: "Amazi yanje! Amazi yanje!"

"Maji yangu," Fatu alinong'ona. Mama yake alikuwa Muha wa Kalinzi.

Akaitwa Mwalimu Omari, mtoa majini. Akafukiza ubani, akauliza kwa adabu, "Mkubwa, unataka nini? Marashi? Mbuzi?"

"Marashi ya nini, nami nanuka mavi?" Sasa sauti ilisema Kiswahili. "Mwanamke akimwaga maji ya vyombo husema, 'Tupisheni,' nasi tunasogeza watoto wetu. Ninyi mnatunyea vichwani usiku na mchana, hata tupisheni hamkusema! Huyu wenu nakaa naye mpaka afe."

"Ni wakimbizi, mkubwa..." Kassimu alianza.

"Wakimbizi wanakunywa maji hayo. Anayeyanyea ni wewe."

Kassimu akaapa ataliziba bomba mwezi ujao, wageni wakipungua. Mwezi ujao! Midomo ya Lulu ilishaanza kuwa ya bluu. Fatu akamtukana mumewe mbele ya watu, akashuka kijitoni, akalishindilia bomba matambara na mawe mpaka mikono ikachubuka. Kinyesi kikarudi vyumbani, wageni wakatoka wakifoka. Na wafoke! Barazani Lulu alikohoa, akaita, "Mama," kwa sauti yake mwenyewe.

Fatu alikuwa bado amemkumbatia, analia, yowe liliposikika nyumba ya pili, kwa Elinipa, karani aliyehamishiwa Kigoma kutoka Upareni, ambaye naye bomba lake lilimwaga kijitoni.

"Mwalimu! Kimbia! Mwanangu anaongea Kiha, na sisi ni Wapare!"