Mwaka Uliochorwa kwa Msumari

Kila asubuhi Huruma aliwahi shuleni, akafagia sehemu yake nusunusu, kisha akakimbilia barabarani kutazama magari yanayokwenda Masasi. Alikuwa darasa la sita pale Mnyambe, na Masasi alikuwa hajafika hata mara moja.

"We Huruma, miguu yako ina upupu?" Kurwa alizoea kumwuliza. Kurwa ndiye aliyekaa naye dawati moja, mvulana asiyependa haraka.

Wiki moja mafundi waliezua darasa la zamani. Kwenye misumari ya bati walikuta sarafu za shaba zilizokwisha sura. Walioezeka zamani walizipachika chini ya vichwa vya misumari ili mvua isipenye. Mwalimu Flora akazimimina mezani, zimechanganyika kama kunde na choroko.

"Zenye tundu la kiwandani katikati ni za Mwingereza," alieleza. "Kazi ipo kwenye hizi zilizotobolewa kwa msumari. Ukiona taji, huenda ni ya Mjerumani. Iliitwa hela, na ndiyo hiyo hela mnayowasumbua nayo mama zenu." Darasa likacheka. "Ukiona ngao, huenda ni ya Wareno, imevuka Ruvuma. Watakaotambua vizuri watakwenda nami kwenye maonyesho Masasi, Jumamosi. Zigeuzeni kwenye mwanga, polepole. Zikiwashinda, kesho nitawaonyesha njia ya penseli."

Polepole! Neno hilo lilimwasha Huruma mwili mzima. Ida, aliyekaa mbele yao, alikwishapata sarafu yenye taji na alikuwa akiandika kibandiko cha kuieleza. Huruma na Kurwa walibaki na moja iliyolainika kama kifungo cha shati.

Kurwa alipotoka kunywa maji, Huruma aliigeuza tena sarafu. Palikuwa na alama ya mviringo, labda taji, labda si taji. Kesho ilikuwa mbali. Akaokota msumari, akakwaruza taji, kisha chini yake akakwaruza 1905.

"Hee! Taji hilo lilikuwa wapi?" Kurwa aliuliza aliporudi.

"Lilikuwa hapohapo. Macho yako ya bundi, mchana hayaoni."

Kurwa akacheka, ila si sana. Yeye ndiye aliyeandika kibandiko, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri: Hela ya Mjerumani, 1905.

Siku ya pili Mwalimu Flora alikisoma kwa sauti. "Hongereni! Mwaka unasomeka kabisa. Ninyi mtakwenda Masasi."

Darasa likapiga makofi. Kurwa akanyoosha kola yake. Huruma alikaa, akasimama, akakaa tena. Safari aliyoitamani ilikuwa imekuja, naye hakujua aweke wapi mikono yake.

"Sasa tazameni njia ya penseli," mwalimu alisema. "Naweka karatasi juu ya sarafu, nasugua taratibu. Sura iliyofifia inatokea yenyewe."

Huruma alimtazama Kurwa. Uongo ulikuwa wake, lakini mwandiko ulikuwa wa Kurwa.

"Mwalimu, usisugue!"

"Kwa nini?"

"Taji nimelichora mimi. Na mwaka. Kwa msumari. Kurwa hakuwepo."

"Ehee! Mimi nilijua tu!" Ida akaruka.

"Kaa chini, Ida."

Mwalimu akasugua hata hivyo. Mikwaruzo ya Huruma ikatokea myeupe kwenye karatasi. Katikati yake kukaonekana nusu ya ngao. Chini, penye mwaka, palibaki ncha ya tarakimu moja tu. Nyingine zote zilikuwa zimekwanguliwa.

"Ni ya Wareno," mwalimu alisema kwa unyonge. "Na mwaka wake ulikuwepo hapa. Sasa hatutaujua."

"Basi nisiende, Mwalimu," Huruma alisema huku akilia.

"Utakwenda. Ida na Kurwa watasimama na sarafu nyingine, wewe utasimama na hii. Andika kibandiko upya."

"Watu watanicheka!"

"Wakucheke. Ungesema hujui, kesho mwingine angeweza kujua. Ulipochora uongo, umemfungia njia hata huyo wa kesho."

Huruma akaandika: Huenda ni ya Wareno. Mwaka haujulikani. Mikwaruzo ni yangu, Huruma.

Jumamosi, Masasi ilikuwa na kelele na vumbi jekundu, lakini Huruma hakuzunguka popote. Alisimama mezani akihamisha uzito mguu huu na ule. Mara bibi mmoja muuza vitenge, Bi Maryam, akainama kuziangalia sarafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ya mwaka gani?"

"Sijui, bibi. Mwaka niliufuta mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kushinda, nikachora wa uongo."

Bi Maryam alimtazama. Huruma akangoja kicheko. Bibi akasoma kibandiko mpaka mwisho, kisha akaonyesha sarafu ya pembeni.

"Na hii?"

"Hiyo ni hela ya Mjerumani. Taji lake ni la kweli. Ida aliliona."

"Haya, sogeza kiti hicho," Bi Maryam alisema, akaketi na kuvaa miwani. "Nieleze zote. Mtu akishaniambia hili halijui, akisema lile analijua, namwamini."