Alama za Vema za Devota

Kila asubuhi ya likizo ile ya Juni, Devota alifagia uwanja kama mtu anayefukuzwa. Aliosha vyombo, akachemsha chai, akamwekea mdogo wake Brightness muhogo kwenye sahani, na muda wote huo sikio lake lilikuwa nje ya ua. Alikuwa anasikiliza kama wenzake wameshaanza kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Mama yao alikuwa Muheza akimuuguza bibi aliyevunjika mguu. Baba yao, Zebedayo, alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka. Alitoka mapema na baiskeli yake, makopo ya rangi yakigongana nyuma, akazunguka mtaa mzima wa Usagara hadi alasiri. Kwa hiyo Brightness, mwenye miaka saba, alibaki mikononi mwa dada yake, aliyekuwa darasa la sita.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Hatibu wa darasa la pili alimwita Devota na kumkabidhi kitabu chembamba pamoja na karatasi yenye visanduku thelathini.

“Mdogo wako bado anababaika na silabi,” alisema. “Kila siku msikilize akisoma ukurasa mmoja, kisha weka alama ya vema. Baba atie sahihi kila wiki. Akirudi hajui kusoma, itabidi arudie darasa.”

“Sawa, mwalimu,” Devota alijibu, na alikuwa amekusudia kweli.

Siku tatu za kwanza alitimiza. Lakini Brightness alisoma polepole mno. Alikandamiza kidole juu ya neno, akatulia, akavuta pumzi, akaanza upya. Mguu wa Devota ulitikisika chini ya benchi. Siku ya nne, rafiki yake Chiku aliita kutoka nje, “Devota, tunakusubiri wewe tu.”

Devota akakichukua kitabu, akasoma ukurasa mwenyewe haraka haraka, na Brightness akafuatisha kwa mdomo. Akaweka vema. Wiki ya pili hakukifungua tena kitabu. Aliweka vema asubuhi akiwa amesimama, kisha akakimbilia mchezoni. Jumapili, baada ya kutoka kanisani, baba aliitazama karatasi, akatabasamu na kutia sahihi.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Baba alimaliza bango la jirani yao, Bi Mastura, aliyeuza nyanya na mboga pembeni ya barabara. Herufi kubwa za bluu zilisomeka: GENGE LA BI MASTURA. Watoto wote wawili walikuwepo, Devota akiwa ameshika kopo la rangi.

“Brightness, mwanangu,” baba alisema kwa fahari, “hebu msomee Bi Mastura jina la genge lake.”

Brightness aliyatazama maandishi. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya darasani, “Kaka amekata kuni. Kuni ni kavu.”

Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Wateja wakacheka. Bi Mastura peke yake hakucheka. Alimvuta mtoto karibu na kumpa chungwa. Brightness alilishika tu, hakulimenya.

Njiani baba alisukuma baiskeli. Walipokaribia nyumbani akasema, “Siku kumi na nane anasoma, na hajui hata neno moja. Labda ni macho. Jumatatu nitampeleka hospitali akapimwe.”

Devota aliingia ndani kuweka kopo la rangi. Alikwenda kucheza rede, akapigwa na mpira wa kwanza kabisa. Akaingia tena, akapigwa tena. Chiku alimuuliza kama anaumwa. Devota alirudi nyumbani akizunguka nyuma ya nyumba ili asikutane na baba.

Huko alimkuta Brightness amechuchumaa, kitabu mapajani. Alikuwa amefunika jicho moja kwa kiganja. Akakitazama kitabu, kisha akafunika jicho la pili.

“Unafanya nini?”

“Najipima,” Brightness alisema. “Dada, naona vizuri kabisa, kwa yote mawili. Basi si macho. Ni kichwa changu. Usimwambie baba.”

Devota alikwenda moja kwa moja mbele ya nyumba, baba alikokuwa akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, na akaeleza yote, kuanzia siku ya nne.

Baba hakupandisha sauti. “Umenifanya nitie sahihi kwenye uongo,” alisema. “Lakini aliyeumia si mimi. Chukua kalamu nyekundu, ukate kila alama isiyo ya kweli. Shule ikifunguliwa utaipeleka karatasi hiyo mwenyewe. Sitakusindikiza.”

Kisha akamwita Brightness, akamweleza mbele ya dada yake kwamba macho yake ni mazima na kichwa chake ni kizima.

Zilibaki siku kumi na mbili. Mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Brightness alilia, na Devota alitamani kuinuka kila baada ya dakika moja. Siku ya tatu hakuvumilia tena kukaa. Akachukua kijiti, akachora visanduku mchangani na kuandika silabi ndani yake.

“Ruka ‘ku’. Sasa ruka ‘ni’. Umeruka neno gani?”

“Kuni,” Brightness alisema, akashangaa mwenyewe.

Chiku alipokuja kuita, alikuta wote wawili wanahema. Akaomba naye aingie. Tangu hapo waliruka silabi kwanza, wakarudi benchini kusoma kitabu, ndipo wakaenda kucheza rede. Haikuwa rahisi kila siku. Kuna siku Brightness alisoma maneno matano tu. Devota hakuweka vema, aliandika ndani ya kisanduku, “Maneno matano.”

Shule ilipofunguliwa, Devota alisimama na Brightness mbele ya meza ya Mwalimu Hatibu, akaiweka karatasi mezani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.” Mwalimu aliitazama mistari kumi na tano myekundu, akamsikiliza Devota akieleza hadi mwisho. Kisha akafungua kitabu kingine ambacho Brightness hakuwahi kukiona. Brightness alisoma kwa kidole. Alikwama kwenye “ng’ombe”, akarudi nyuma, akalipata. Alifika nusu ya ukurasa.

“Hatarudia darasa,” Mwalimu Hatibu alisema, “ila bado yuko nyuma, kwa hiyo atabaki nami mara mbili kwa wiki. Devota, likizo ni ya kupumzika na kucheza, sikatai. Lakini mtoto akiacha kusoma mwezi mzima, haanzii pale alipoachia. Huwa amesharudi nyuma. Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Na alama ya uongo haimfundishi mtu chochote. Humpoteza yule anayetaka kusaidia. Baba yako alitaka kumpeleka mtoto hospitali kwa ugonjwa asiokuwa nao.”

“Nimeelewa, mwalimu. Nisamehe.”

“Muombe radhi mdogo wako.”

Devota akamuomba, palepale. Kengele ikalia, watoto wakakimbilia madarasani. Brightness alikuwa amesimama mlangoni, kidole hewani, akiyafuata maandishi yaliyokuwa juu ya mlango.

“O-fi-si,” alisoma, “ya... wa... wa-li...”

Devota alikuwa ameshachelewa. Alisimama, akangoja mpaka mwisho.