Umemwita Nani Abang?

"Rudia hilo neno."

Gumato aliinua macho kutoka kwenye simu. Kicheko kilikuwa bado mdomoni.

"Neno gani?"

"Hilo umemwita huyo mwanamume sasa hivi. Rudia, mama asikie."

Ilikuwa siku ya pili ya Idd ul-Hajj, alasiri, nyumbani kwa mama yake Jaldesa, mtaa wa Wabera mjini Isiolo. Wageni walikuwa wametoka na salaam zao, nyama ilikuwa imebaki kwenye sinia, na Huqa, kaka yake Gumato, alikuwa amekaa mkekani anakunywa chai baada ya safari ndefu kutoka kwao Merti na pickup yake. Ndipo simu ya Gumato ikaleta ujumbe wa sauti kutoka Kuala Lumpur, Malesia, ambako yeye na mumewe Jaldesa wameishi miaka minne. Sauti ya mwanamume ikasema, "Gumato, bila balik?" yaani, unarudi lini? Na Gumato, mke wa mtu, akacheka kabisa, akajibu kwa Kimalei chake cha kujifunzia mitaani, na mwisho wa jibu akatia lile neno. Abang.

Jaldesa alikuwa na mfupa mkononi. Akaurudisha kwenye sinia kama umemuunguza. Wivu jamani hauna adabu, hauangalii kama ni sikukuu wala kama shemeji yako ameketi hapo.

Na huu wivu haukuzaliwa siku hiyo. Kwa Waborana, mwanamke aliyelelewa akaleleka hamtaji mumewe kwa jina. Akishazaa, anamwita kwa mtoto, baba ya fulani, na mambo yanaisha. Hawa wawili Mungu alikuwa hajawajalia bado. Kwa hivyo miaka yote minne Jaldesa alikuwa anaitwa "wewe", anaitwa "sikia", na siku zile amemuudhi mkewe, anakoholewa tu. Hakuwahi kulalamika. Hata mama yake hakuwahi kumtaja baba yake.

Shida ilianza Idd ul-Fitr iliyopita. Rosli, mwenye kibanda cha chakula chini ya nyumba yao, aliwaalika kwao kijijini Kedah kusherehekea pamoja. Ilikuwa safari ya kusimulia wajukuu. Kutoka Kedah walipanda feri mpaka kisiwa cha Langkawi, wakarudi bara, wakavuka mpaka kwa basi kuingia Thailand, wakapiga picha na kuzituma Isiolo, na watu wa Isiolo wakajibu mashallah mpaka simu ikapata moto. Kwenye picha zote Jaldesa anatabasamu. Hakuna aliyejua kwamba tangu Kedah alikuwa amesusa mchuzi.

Maana huko Kedah alimsikia Salmah, mke wa Rosli, akimpa mumewe sahani na kumwambia kwa sauti ya asali, "Abang." Hilo halikuwa neno, lilikuwa ni mkono unapapasa bega. Jaldesa akafikiri, kumbe kuna wanaume wanaitwa hivi. Hajamaliza kufikiri, Gumato naye akanyoosha bakuli kwa mwanamume yule yule na kusema, "Abang, niongezee mchuzi."

Jaldesa anafanya kazi katika kampuni ya nyama, na ofisini kwao ni Kiingereza tu. Kimalei hakukigusa. Waliporudi mjini akamuuliza mwenzake wa kazini, Mbangladeshi mmoja, neno hilo maana yake nini. Yule bila kuinua kichwa akamwambia ndivyo wake wa huku wanavyowaita waume zao. Basi. Kuuliza si ujinga, lakini Jaldesa aliuliza kila mtu isipokuwa mkewe. Usiku halali, mchana anahesabu mara ngapi Gumato ameteremka kwa Rosli kununua chumvi. Mwishowe akakata tiketi za kuja Isiolo kwa Idd. Yake ni ya kwenda na kurudi. Ya Gumato ni ya kwenda tu. Halafu akampigia Huqa simu, akamwambia aje na gari Isiolo, kuna mzigo wa kupeleka nyumbani.

Sasa mambo yalikuwa mezani.

"Abang ni nini?" Jaldesa aliuliza tena.

"Ni kaka mkubwa," Gumato alisema.

"Uongo. Nimeuliza watu wa huko. Mke ndiye anamwita mume wake hivyo."

Gumato akaweka simu mapajani.

"Hiyo pia ni kweli," akasema.

Mama yake Jaldesa alijishika mdomo. Huqa akaweka kikombe chini polepole. Jaldesa alitegemea kusikia raha ya mtu aliyeshinda kesi, lakini raha haikuja. Miezi yote hiyo, chini chini, alikuwa anaomba awe amekosea.

Gumato aliwasha simu, akapiga ile ya kuonana, akaiegemeza kwenye birika mahali ambapo kila mtu anaona. Malesia ilikuwa saa mbili usiku na kibanda kimejaa. Salmah akatokea na kitambaa chake cha maua, akaona uso wa Jaldesa, akafurahi kweli.

"Abang Jaldesa! Selamat Hari Raya!" akapaza sauti, yaani, heri ya sikukuu.

Nyuma yake Rosli alikuwa anamimina chai kwa juu kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Mteja mmoja akamwita kwa kifupi, "Bang!" Mwingine, mzee mwenye mvi, naye, "Bang!" Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, "Bang!" Rosli anageukia huyu, anageukia yule. Alipoona wageni wake wa Idd akapunga mkono wenye chai. Gumato aliongea na Salmah maneno mawili matatu, akamtakia usiku mwema, akazima.

"Huyo mama anakuuzia wali kila asubuhi," akasema bila kupandisha sauti. "Kila asubuhi anakuita Abang. Wewe ni mume wake? Dereva wa teksi anakuita Bang. Yule wa kukata tiketi za feri alikuita Bang. Mke anamwita mumewe hivyo, na mtu yeyote anamwita mwanamume yeyote hivyo, awe amemzidi umri au la, kwa heshima. Wewe ulifikiri wanakuambia nini miaka yote hii?"

Jaldesa alijibu akiangalia birika.

"Nilifikiri hiyo ya kwangu ni kama kusema bosi."

Huqa ndiye alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mama mtu naye akamfuata, akimpiga mwanawe begani na kumwambia amekaa ng'ambo miaka minne akarudi na masikio ya ng'ombe. Jaldesa naye akacheka kwa aibu. Chai ikamiminwa upya. Mtu angeapa kwamba yameisha.

Basi Huqa, kwa nia safi kabisa, akapangusa machozi ya kicheko na kusema:

"Haya shemeji, huo mzigo uko wapi? Nataka kutoka kabla giza iingie."

Jaldesa aliangalia chini.

"Mzigo gani?" Gumato aliuliza.

Huqa akaeleza kwamba aliambiwa aje na gari kuna mzigo wa kupeleka Merti, yeye akafikiri ni zawadi za wazee. Gumato aligeuka akamtazama mumewe. Alimtazama kwa muda, kama anasoma maandishi madogo.

"Tiketi yangu ya kurudi, nionyeshe."

"Gumato, hiyo mambo imeisha."

"Nionyeshe."

"Hakuna," Jaldesa alisema.

Hakuna aliyecheka tena. Gumato hakulia. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake moja, akamwambia kaka yake apakie mzigo. Mama mkwe alisimama mlangoni kumzuia, akamsihi kwa ajili ya Idd, na Gumato akambusu mkono kwa heshima zote na kupita. Akiwa na mguu mmoja nje, akageuka.

"Jaldesa."

Jina lenyewe la mumewe. Alilitamka vizuri, herufi zote, kama anavyoitwa mtu kwenye foleni ya benki.

"Kaa salama, Jaldesa."

Pickup ikaondoka. Mama yake alikaa chini, akavuta shuka kichwani, na baada ya muda akamwambia mwanawe:

"Sasa umeitwa. Umefurahi?"

Siku zilizofuata Jaldesa alipiga simu haishikwi. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: "Nimekosa. Nakuja." Jibu lilikuja kesho yake jioni, labda network ya Merti, labda si network. "Barabara si yangu, Jaldesa." Hata kwenye ujumbe alilitaja. Lile jina alilolipenda tangu utoto, sasa lilimuuma kama jino bovu.

Siku ya ndege ilifika ikapita. Kampuni ikamwandikia kwamba asiporipoti Jumatatu, asijisumbue tena. Jumatatu hiyo Jaldesa alikuwa juu ya lori la unga linaloelekea Merti, amejifunga shuka usoni, na aliposhuka hata mbuzi walimshangaa kwa vumbi.

Gumato alikuwa nyuma ya nyumba ya Huqa anafukizia kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Alimwona. Aliendelea kufukiza. Jaldesa alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Huqa nimeshamwambia nilichofanya, chote," alianza. "Na wazee wako nitawaambia. Lakini wewe nataka ujue. Si Rosli nilimwonea wivu. Niliona kila mtu wewe una kitu cha kumwita. Hata Rosli una kitu cha kumwita. Mimi miaka minne sina."

Gumato alikung'uta majivu.

"Pale kibandani nikisema Abang, wanaume kumi wanageuka," akasema. "Nyumbani nikisema 'wewe', anageuka mmoja tu. Sikuwa na mwingine wa kuita hivyo. Nilifikiri anajua."

Jaldesa alifunga macho.

"Sikujua."

"Na huyo mmoja akaniita mzigo."

Jaldesa alilia tu, mwanamume mzima, machozi yakichora mistari kwenye vumbi. Gumato alimwacha alie. Alifunika kibuyu, akaosha mikono, akauliza habari ya kazi. Jaldesa akamwambia kazi huenda imeisha leo. Gumato akamuuliza kwa nini basi hakupanda ndege.

"Niende nimwambie Salmah nini, akiuliza Gumato yuko wapi?"

Gumato aligeuza uso upande, lakini tabasamu lilionekana shavuni.

"Mimi sijasamehe," akasema.

"Najua."

"Tiketi nitakata mwenyewe. Pasipoti yangu nitakaa nayo mwenyewe. Na Kimalei kitajifunzwa, hata kwa kiboko."

"Nimekubali yote."

"Sijamaliza. Siku nyingine wivu ukija, unaletwa kwangu. Si kwa Mbangladeshi."

"Nitauleta kwako."

Alimletea chai ya maziwa ya ngamia, akaiweka karibu naye bila kusema neno, akarudi kwenye kibuyu chake. Jaldesa alikunywa akisubiri kusikia ataitwa nini, akiogopa lile jina lake mwenyewe kuliko alivyowahi kuogopa lingine lolote. Upande wa mbele wa nyumba Huqa alikuwa anaangalia magurudumu ya pickup, kwani alfajiri angeteremka tena Isiolo.

"Gumato!" aliita. "Kesho nabeba nani?"

Gumato alimwangalia yule mtu mwenye vumbi kwenye kigoda.

"Mimi na huyu," akasema.