Waya wa Wifi

Mama Pacha alifagia boti lake kila asubuhi kabla hajafagia nyumba. Boti hilo lilivusha watu kwenda ng'ambo. Yeye alishika usukani, mumewe alipokea abiria. Ndilo lililowavisha pacha wao viatu vya shule.

Lakini alikuwa na mwiba moyoni: wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa fundi wa mashine za boti, fundi kweli. Mashine ikikohoa, Baba Pacha alisema, "Mwiteni dada." Mlango ukilegea, "Dada angeutengeneza sasa hivi." Hata chai ikikosa sukari, Mama Pacha aliketi akingoja kusikia, "Dada..."

Wivu ni moto wa pumba, wanangu. Mwali huuoni, lakini chini kunaungua.

Siku moja boti likaanza kuvuja. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechakaa. Mpira huo hukaa pale shafti inapotokea nje, na shafti ni kile chuma kirefu kinachotoka kwenye mashine na kuzungusha propela, yale mapanga yanayolisukuma boti. Ili kubadilisha mpira, lazima shafti ichomolewe.

"Dada anarudi kesho," alisema Baba Pacha. "Tumsubiri."

"Kwani mimi mikono yangu ya kulia ugali tu?"

Boti likavutwa nchi kavu. Mama Pacha akaingia chini ya mbao na spana yake. Akaona shafti imeingia kwenye kapulingi, kikombe cha chuma kinachoiunganisha na mashine. Skrubu mbili ziliishika. Vichwa vyake vilifungwa pamoja kwa waya mwembamba, uliosokotwa kama nywele.

"Hata huku ameweka mapambo!" alifoka. "Anataka kila nikiinama nimwone yeye."

Akaukata waya, akautupa. Akaweka mpira mpya, akarudisha shafti, akakaza skrubu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Boti likarudi majini, likaenda mbele kama samaki. Moyo wake ukaimba.

Kesho yake mchana alikuwa akirudi kutoka ng'ambo. Pacha walikuwa ndani na mabegi yao. Kwa mbali akamwona wifi yake amesimama kwenye gati.

"Leo ataona," alijisemea.

Akaja kwa mbwembwe. Karibu na gati akatia gia ya kurudi nyuma ili boti lisimame. Mashine ikanguruma, lakini boti halikusimama. Likayabamiza matairi ya gati, puu! Pacha wakaanguka juu ya mabegi yao. Chini ya mbao, maji yakaanza kupanda.

Akawatazama wanawe, akakimeza kiburi chake.

"Wifi! Njoo!"

"Zima mashine! Watoto juu!" wifi akapaza sauti.

Baba Pacha akawapandisha pacha kwenye gati. Wifi akarukia ndani, akapaziba palipovuja kwa matambara.

"Shafti imechomoka," alisema. "Bahati yenu propela imezuiwa na bapa la usukani lililo majini nyuma yake. Ingetoka yote, tundu lingebaki wazi, na boti lingezama."

Boti lilipovutwa nchi kavu, wifi akachungulia na tochi.

"Waya uko wapi?"

Mama Pacha akatazama vidole vyake. "Niliukata. Nilidhani ni mapambo yako."

"Mapambo! Mimi ambaye hata hereni sina?" Wifi akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nikisukumwa namkumbatia, nikivutwa namtoroka."

Mama Pacha akafikiri. Jana boti lilikwenda mbele vizuri. Leo, kurudi nyuma...

"Shafti na kapulingi!"

"Umepata. Ukienda mbele, propela inaisukuma shafti ndani. Ukirudi nyuma, inaivuta nje. Mtikisiko hulegeza skrubu kidogo kidogo. Waya huzizuia zisigeuke. Sasa shika spana wewe."

Mama Pacha akaisafisha shafti. Akaweka kichuma cha mraba katika mfereji uliochongwa kwenye shafti, kile kinachofanya shafti na kapulingi vizunguke pamoja. Akaisukuma shafti hadi mwisho. Akahakikisha ncha za skrubu zimeingia kwenye vishimo vya shafti, akakaza.

"Waya upitishe hivi," alisema wifi. "Skrubu moja ikitaka kulegea, imvute mwenzake akaze."

"Kama mawifi," alisema Mama Pacha.

"Mawifi wengine, si sisi!" Kisha wifi akasema polepole, "Nami nilikuwa nakuonea wivu, ujue. Wewe una boti. Mimi nalala chini ya maboti ya watu."

Boti likarudi majini. Kabla ya kupakia mtu, wakalifunga kwenye gati kwa kamba, wakajaribu mbele, wakajaribu nyuma. Wakakagua tena skrubu na waya. Hakuna kilichosogea.

Baba Pacha akachungulia chini ya mbao. "Kazi ya dada hiyo! Mkono wake naujua."

Moto wa pumba ukataka kufuka tena moyoni mwa Mama Pacha.

"Kaka, vaa miwani," alisema wifi. "Mimi leo nimeshika tochi tu."

Tangu hapo, kila Jumamosi Mama Pacha hukagua waya wake. Boti likifika gatini, hurudi nyuma taratibu na kusimama kimya. Na chai ikikosa sukari, humwambia mumewe, "Mwite dada."