Restuta Hayupo, Yupo Mumewe

"Restuta?"

"Nipo."

Darasa zima likageuka. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, na ilitoka kwenye kiti cha Restuta pale mbele. Kilikuwa kimekaliwa na mtu wa miaka arobaini na sita, suruali imekunjwa hadi magotini, tope la shambani kwake Namawala bado halijakauka miguuni.

Vijana wakaangua kicheko. Mwalimu Adolf, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akaweka kalamu chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Wewe ndiye Restuta?"

"Mimi mume wake, Dionisi. Nimekuja kumshikia siku yake."

Akaeleza, bila kuona la kuchekesha, kwamba kwao ikitangazwa kazi ya kuchimba mfereji, kila nyumba hutoa mtu mmoja. Mke akiumwa anakwenda mume, nyumba inawekewa alama, yameisha. Sasa mke wake amelazwa na malaria tangu jana, kwa hiyo nyumba imemleta yeye.

Kijana mmoja akauliza kama na mtihani atamfanyia. Wakacheka tena. Dionisi hakucheka. Alikuwa amepiga baiskeli tangu alfajiri, na kilichomtoa shambani hakikuwa kitu cha kujisifia.

Restuta alijiunga na chuo hiki cha ufundi, hapa Ifakara, akiwa na miaka thelathini na minane, asomee umeme wa majumbani. Akapanga chumba na mwenzake, Balbina. Dionisi alikubali kwa mdomo tu. Mpunga ulipoanza kukomaa na ndege wakaanza kushuka, akabaki peke yake juu ya dungu, anapiga debe kuwafukuza kutwa nzima, na mawazo yakamla. Mke yuko mjini na vijana wenye mashati yaliyonyooshwa, anajifunza mambo ambayo yeye, aliyeishia darasa la nne, hatayajua.

Ndipo akamtumia ujumbe: "Mama Mariana naumwa sana njoo."

Restuta alikuja mbio, akamkuta anakula. Akaambiwa homa imeshuka. Wakaamia ndege pamoja siku mbili, na Dionisi alifurahi kama bwana harusi. Akamdanganya mara ya pili. Akamdanganya na ya tatu.

Chuoni zikaandikwa siku sita za kutokuwepo. Ya saba ikifika, mtihani hufanyi.

Wiki iliyopita Getrude, wifi yake Restuta, aliteleza ulimi akamwambia kwamba Dionisi mwaka huu hajaugua hata mafua. Restuta akapiga simu.

"Baba Mariana, ulikuwa mzima?"

Dionisi akashuka kwenye dungu, simu sikioni.

"Nijibu."

"Nilikuwa nakuhitaji."

"Mara tatu nimekimbia barabarani nikidhani nakuja kukuzika. Baki na mpunga wako."

Akakata. Hakupokea tena. Kisha jana ukaja ujumbe wa Balbina: "Shem, Restuta amelazwa. Kesho ndiyo siku ya saba. Hajali homa, analilia mtihani."

Mwalimu Adolf alimtoa nje, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kumwandika mtu asiyekuwepo, na karatasi ya hospitali haisaidii. Siku ni siku. Mkuu wa chuo peke yake ndiye anayeweza kufuta, naye hafuti bila sababu.

"Sababu ninayo," Dionisi akasema. "Sababu ni mimi."

Mkuu wa chuo, Mama Levina, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza atamwamini vipi mtu aliyekuja kujiita mwongo. Dionisi akatoa simu, akamwonyesha zile jumbe tatu, zote maneno yaleyale. Mama yule akazisoma, akamsukumia karatasi.

"Andika. Kwa mkono wako."

Dionisi alitoka jasho. Herufi moja moja, kubwa kubwa: NILIMDANGANYA MKE WANGU NAUMWA. SIKUWA NAUMWA. Hakuwahi kubeba gunia zito kama kalamu ile.

"Mtihani atafanya," Mama Levina akasema. "Ila siku zote saba atazifidia karakanani wakati wa likizo."

Likizo ilikuwa ndiyo mavuno.

"Nitavuna peke yangu."

Alidhani ameruhusiwa kwenda. Mwalimu Adolf akamrudisha kwenye kiti. Kama amekuja kwa niaba ya mwanafunzi, akasema, basi atampelekea na somo. Siku hiyo mwalimu alifundisha taratibu, akimuuliza mzee kila hatua kama ameelewa. Yule kijana aliyeuliza kuhusu mtihani akamwazima kalamu.

Wodini Restuta alikuwa na dripu mkononi, midomo imekauka.

"Umefuata nini?"

Akamweleza yote, jumbe, karatasi, mavuno. Hakujitetea. Restuta akageukia ukutani. Nesi akaja akaondoka, na Dionisi pale kwenye benchi akajua hivi ndivyo mtu anavyopoteza mke, bila hata kelele.

"Sijakusamehe," Restuta akauambia ukuta.

"Najua."

"Usifikiri karatasi moja inatosha."

"Sifikiri."

Kisha, bila kugeuka:

"Leo wamefundisha nini?"

Dionisi akakunjua karatasi yake haraka, kalamu ya kuazima mkononi. "Waya mbili, laivu ya kuleta umeme na nyutro ya kuurudisha. Zote zinakwenda kwenye taa. Halafu swichi inakata nyutro..."

"Inakata laivu."

"Mimi nimeandika nyutro."

"Basi umeshaua mtu, Baba Mariana."

Akageuka. Akajiinua kwa shida, mrija wa dripu ukayumba, akasogea upande mmoja wa kitanda.

"Kaa hapa. Nipe hiyo kalamu."