Nadhiri Mbele ya Kamera

Swabir alivua hedifoni, akazivaa tena, akairudisha filamu nyuma.

Kwenye kompyuta, mkewe Mwanarusi amepiga magoti mdomoni mwa pango la mzimu kule Munje, pale watu wanapowekea nadhiri. Anamwaga marashi. "Mume wangu akipata jina, mtoto huyu wa tumboni ni wako."

Kimya. Halafu sauti ya mtu mzima, karibu kabisa na maiki: "Nimekubali."

"We, nani aliongea hapa?" Swabir akamuuliza mkewe. "Si tulikuwa wawili tu?"

Mwanarusi akasikiliza, akacheka. "Si uiache hivyo hivyo! Yatisha bure bila gharama."

Akaiacha. Tumbo nalo lilikuwa la kweli; Swabir alisema ya nini kuhangaika na mto wa kuigizia mimba.

Miaka yote alipiga filamu za kutisha, na vijana wa Msambweni wakimzomea, "Bwana Majini, leo umekufa mara ngapi?" Hii ikashika. Ukunda nzima wakaiangalia mtandaoni, mpaka watu wa tamasha Nairobi wakampigia simu: njoo uionyeshe. Jioni ile ile nyumba ikaanza kunuka marashi.

Kwanza chumbani, kisha kwenye maji ya mtungi, kisha kwenye vile vinguo vya mtoto ambavyo bado havijavaliwa, na kila magharibi ikawa yasikika miguu ikiburutwa uani, yaja mpaka dirishani, yasimama, na Mwanarusi hushika tumbo kwa mikono miwili maana mtoto naye hugeukia dirishani, kama aliyeitwa.

"Swabir," akanong'ona, "huyu yuaja kunihesabia siku."

Wakaenda kwa Bi Kadzo, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani aliyekwambia nadhiri ni mchezo?"

"Tuliigiza tu, bibi."

"Na marashi yaliigiza? Na tumbo je?" Akamkazia macho. "Ulichopewa kirudishe. Chote. Ukibakisha hata chembe, umelipokea jina, na yeye atachukua chake."

Swabir akaifuta filamu mtandaoni, akawaambia wa Nairobi haji. Kisha wakaenda Munje wote watatu, na mbele ya Bi Kadzo akaisukumia kompyuta ndani ya pango. Ikagonga jiwe, ikagonga jingine, isisikike tena.

Marashi yakakatika papo hapo. Mwanarusi akaangua kilio cha furaha. "Anacheza! Mwanangu anacheza, lete mkono!"

Swabir akaweka wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, umebana memori kadi. Nakala moja tu ya filamu. Mwakani Nairobi wangeita tena, na mtu hawezi kuanza upya kila siku.

"Umetoa vyote, baba?" Bi Kadzo akauliza.

"Vyote, wallahi."

Chini ya kiganja chake mtoto akapiga teke. Swabir akangoja la pili. Akangoja.

"Swabir," Mwanarusi akasema polepole, "mbona ametulia?"